Nyumba mpya hairuhusu mbwa: Bobi nimpeleke wapi?

Maswali ya wasomaji kuhusu wanyama wa nyumbani yanajibiwa na Mama Mifugo, ofisa mifugo mstaafu, Tabora

SWALI: Shikamoo Mama Mifugo. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Isevya hapa hapa Tabora. Tulikuwa tunakaa kwenye nyumba ya marehemu baba mkwe, lakini ndugu wameamua iuzwe na mwisho wa mwezi tunatakiwa tuwe tumetoka. Tumepata vyumba viwili na sebule Ipuli, kodi ya miezi sita tumeshalipa. Siku ya kukabidhiwa funguo mwenye nyumba akasema mbwa hataki. Tuna mbwa dume anaitwa Bobi, ana miaka minne, rangi ya udongo na kifua cheupe. Mume wangu anasema tumpakie kwenye pikipiki tukamwache njia ya Sikonge, huko porini atajitafutia. Mwanangu wa kati, ana miaka tisa, tangu asikie maneno hayo anaenda kulala na mnyororo wa Bobi mkononi. Kwenye simu naona wenzetu wa nje wana vituo vya kupeleka mbwa. Sisi tunampeleka wapi? Wifi yangu ananiambia nina roho mbaya. Ni kweli?

Msomaji, Isevya

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na hilo la mwisho kwa sababu naona ndilo linalokuumiza. Huna roho mbaya. Mwenye roho mbaya asingekaa chini akaandika barua, angekuwa ameshampandisha kwenye pikipiki.

Nimefanya kazi ya mifugo miaka 35, tangu nilipomaliza chuo Mpwapwa mwaka 1983, Kigoma kwanza na baadaye mkoa huu wa Tabora. Kazi kubwa ilikuwa ng'ombe na kuku. Lakini siku za chanjo ya kichaa cha mbwa watoto walikuwa wanakuja na mbwa wao wamewafunga kamba za katani, na siku hizo hizo watu wazima walikuwa wananivuta pembeni. "Mama, huyu wangu usimchanje. Mchome ile ya kumlaza moja kwa moja." Nilipokuwa kijana nilikuwa nakasirika. Baadaye nikajifunza kuuliza kwa nini, halafu nikauliza tena, halafu tena. Jibu la kwanza lilikuwa linamhusu mbwa: anauma, anabweka, anakula mayai. Jibu la tatu lilikuwa linamhusu mwenye mbwa: tunahama, mume amefariki, tumeachana, tumbaku mwaka huu haikulipa, nimejifungua na sina nguvu tena ya kusonga ugali wa ziada. Mara nyingi mbwa aliyeletwa kwa kosa la kula mayai alikuwa amekula mayai miaka mitatu mfululizo na hakuna aliyesema kitu mpaka kodi ilipopanda.

Hata huko unakokuona kwenye simu ni hivyo hivyo. Wamarekani waliwahi kukaa na watu waliokuwa wanaleta wanyama kwenye vituo 12 vya nchini kwao wakawauliza mmoja mmoja sababu, na matokeo yakaanza kuchapishwa mwaka 1998. Kwa upande wa mbwa, iliyotajwa kuliko zote ilikuwa kuhama. Ya pili ilikuwa mwenye nyumba. Gharama za matunzo zikaja baada ya hapo. Sasa isome barua yako tena uone. Wewe na mama fulani wa Marekani hamjuani, lakini mmesimama mlango mmoja mkiwa na kamba mkononi.

Vituo hivyo vina historia ndefu. London, mwanamke aitwaye Mary Tealby alifungua cha mbwa waliopotea mwaka 1860, na mpaka leo kipo, kinajulikana kwa jina la Battersea. Hapa nchini pia watu wamejitolea. Usa River, Arusha, kuna Mbwa wa Africa, wanaookota mbwa na paka walioumia na kutupwa. Nawaheshimu sana. Ila usidhani kituo ni mahali ambapo mnyama akifika basi mambo yake yamekwisha. Marekani, kwa makadirio ya ASPCA, shirika lao la kutetea wanyama, mwaka 2019 mbwa na paka wapatao 920,000 waliuawa kwenye vituo, wengine kwa sababu nafasi haikutosha na hakuna aliyekuja kuwachukua. Na utafiti wao mwingine wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba kati ya walioachana na wanyama wao, asilimia 37 walimkabidhi rafiki au ndugu na asilimia 36 walimpeleka kituoni. Yaani hata penye vituo, watu wengi huanza kwa mtu wanayemjua. Hapa kwetu ndiyo njia yenyewe: mbwa hutoka mkono kwa mkono. Arusha ni mbali na mwisho wa mwezi umekaribia, kwa hiyo tushughulike na Tabora.

Kwanza wazo la baba watoto. Mpe salamu zangu, najua anatafuta njia ya kumaliza jambo bila kelele. Lakini mbwa hajitafutii porini. Bobi amekula ukoko wa sufuria yako miaka minne, anachokijua ni harufu ya moshi na sauti ya mwiko. Ukimshusha njia ya Sikonge ataukimbilia mwanga wa kwanza atakaouona usiku, na hiyo itakuwa nyumba ya mtu mwenye kuku. Nimewaona mbwa wa namna hiyo wakiletwa, macho yameingia ndani, kupe wamejaa masikioni wamevimba kama mbegu za nyonyo, na alama za mawe mgongoni. Wengine hawafiki hata huko. Na chanjo ikiisha nguvu, akakutana na mbwa au mbweha mwenye kichaa, basi ugonjwa huo atauleta kwa watoto wa wenzako. Kichaa cha mbwa duniani kinakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishaanza hakuna hospitali inayokuokoa. Tena tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili kwa wanyama. Mweleze kwa upole, ila mweleze.

Kabla ya kumtafutia Bobi kwao kwingine, rudi kwa mwenye nyumba. Usipige simu, nenda. Nenda asubuhi, peke yako au na mumeo, Bobi mwacheni nyumbani. Chukua kadi yake ya chanjo. Muulize kwa adabu ni kitu gani hasa anachokikataa. "Mbwa sitaki" ina mambo mengi ndani yake. Wengine mpangaji aliyepita alikuwa na mbwa akamng'ata mtoto. Wengine ni kinyesi. Wengine ni swala: hataki mbwa akanyage kibarazani anapotandika mswala, na hilo ni haki yake, si la kubishania hata kidogo. Miaka michache iliyopita nilimsindikiza binti mmoja Ng'ambo kwa mwenye nyumba aliyekuwa amekataa kabisa. Tulipokaa naye akatuonyesha doa kwenye ngazi ya mlango wa mbele, mahali ambapo mbwa wa mpangaji wa zamani alikuwa anajisaidia kila alfajiri. Alichokuwa anakikataa ni lile doa. Binti akaahidi banda nyuma ya choo, karibu na mabanda ya kuku, mbwa afungwe mchana na afunguliwe saa nne usiku geti likishafungwa, na uani afagie yeye kila asubuhi kabla watu hawajaamka. Mzee akakubali kwa miezi mitatu ya kuangalia. Wezi wa betri walipopita mtaa ule wakaruka nyumba yake, tangu hapo hakuulizia tena miezi mitatu.

Akikataa, kubali. Usimwingize Bobi kwa siri ukitegemea atamzoea. Utafukuzwa katikati ya mkataba, na hapo ndipo watu wanapomtupa mbwa usiku kwa kukata tamaa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningetamani mtu angeniambia mimi mwaka 1996.

Mwaka huo nilikuwa Kigoma, nakaa Gungu, nikapata barua ya uhamisho kuja Tabora. Nilikuwa na mbwa anaitwa Jimi, mweusi, sikio moja limesimama na moja limelala. Mahali nilipokuwa nafikia ni chumba kimoja kwa dada yangu, watu saba ndani. Jirani yangu, mama mmoja mwema sana, akasema niachie mimi. Nilishukuru mpaka nikalia. Nikamwachia bakuli lake, mnyororo, debe la dona na dagaa wa wiki mbili. Nikamweleza anakula saa ngapi na anapenda kukunwa wapi.

Kitu kimoja sikumwambia. Jimi alikuwa anaogopa radi. Si kuogopa kwa kawaida. Wingu likianza kunguruma upande wa ziwa alikuwa anatetemeka mpaka kucha zinagonga sakafu, halafu anaingia chini ya kitanda changu na kusukuma pua ndani ya kiatu. Nikiwa ndani alikaa hapo mpaka mvua iishe. Nikiwa sipo, alikata kamba na kukimbia. Alishafanya hivyo mara mbili, mara ya pili nilimkuta Mwanga sokoni amejikunyata chini ya meza ya muuza vitunguu. Niliyajua yote hayo na nilinyamaza, kwa sababu niliogopa jirani akiyasikia atabadili mawazo, na treni yangu ilikuwa kesho yake.

Nilihama Agosti, mbingu ikiwa kavu. Novemba mvua za kwanza zikaja. Jirani alikuwa amemfunga uani kwa mnyororo, kama ambavyo angemfunga mbwa yeyote, na yeye yuko shamba. Barua yake niliipokea stesheni kwa mkono wa abiria, imekunjwa mara nne. Aliandika kwamba Jimi aliruka ukuta na mnyororo ukiwa shingoni. Aliniomba msamaha yeye. Ukurasa mzima ananiomba msamaha, anasema pengine hakumfunga vizuri, pengine hakumpenda vya kutosha. Nilikwenda Kigoma mwaka uliofuata kumwambia ukweli, na mpaka leo sijui kama ulimfariji au ulimuumiza zaidi.

Kwa hiyo mwanangu, chukua karatasi mbili za daftari la mwanao, na umwache yeye ndiye aandike, kwa sababu watoto wa miaka tisa wanamjua mbwa kuliko sisi. Aandike kila kitu cha Bobi. Anakula nini na saa ngapi. Anakuja kwa mluzi au kwa jina. Anaogopa nini: radi, fataki, mtu mwenye mwavuli, mlevi. Alishawahi kuuma? Alimuuma nani, na mtu huyo alikuwa anafanya nini wakati huo? Anafukuza pikipiki? Anakula mayai? Anawavumilia mbuzi? Yale ya aibu yaandikwe juu kabisa, ya sifa yafuate. Anayekuja kumchukua asome mbele yako. Akisoma kwamba anakula mayai na ana kuku mia, ataondoka, na ni heri aondoke leo mikono mitupu kuliko amchukue Bobi halafu wiki ijayo amrudishe akiwa amevunjwa mguu.

Wa kumpa, anza na watu ambao tayari wana mbwa aliyezeeka. Hao wameshazoea gharama, na mbwa wao ukimtazama utajua Bobi ataishije: angalia mbavu, angalia ndani ya masikio, angalia kama shingo ina kidonda cha mnyororo. Waambie walinzi wa shule, wenye bustani za mboga, wafuga nyuki wenye kambi zao. Daktari wa mifugo wa kata yako anajua nani mbwa wake alikufa karibuni, muulize. Nenda ukaone mahali penyewe kabla ya kusema ndiyo. Anayekataa usione uani kwake, usimpe. Na yule anayekuja haraka haraka kwa bodaboda akisema nipe tu nitajua mwenyewe, huyo pia usimpe, hata kama mwisho wa mwezi ni kesho.

Ukiweza kumudu, Bobi ahasiwe kabla hajaondoka, na ukianza wiki hii jeraha litapata muda wa kupona. Dume asiyehasiwa akipelekwa mahali pageni hutoroka kufuata majike, na ndiyo njia kubwa ya kupotea. Chanjo yake kama imepita mwaka, rudia, na kadi iende naye.

Kuhusu mtoto: asidanganywe. Usimwambie Bobi amekwenda kijijini kwa babu kama hajaenda. Aende naye siku ya kumkabidhi, afunge yeye mwenyewe ule mnyororo anaolala nao kwenye banda jipya. Akilia, alie. Mkubaliane na mwenyeji mpya siku ya kumtembelea, ila si wiki ya kwanza, kwa sababu Bobi atataka kurudi nanyi. Baada ya mwezi inatosha.

SWALI: Mama Mifugo habari za kazi. Mimi ni mume, niko Kanyenye. Mke wangu ana mimba ya miezi mitatu, ya kwanza. Mama yangu amekuja kutoka Nzega kumwangalia na amekuta paka wetu jike, Pusi, akasema atolewe leo leo kwa sababu paka anaharibu mimba na manyoya yake yanaleta pumu. Mke wangu amemlea tangu akiwa mdogo wa kulishwa maziwa, na analia. Nimekaa katikati. Isitoshe amezaa tena, wanne, na wa mara iliyopita hatujamaliza kuwagawa.

JIBU: Mama yako hajasema uongo mtupu, kwa hiyo usimbishie kwa kumkatalia. Kuna kijidudu kinaitwa toksoplazima, na paka anaweza kukitoa kwenye kinyesi. Mwanamke akiambukizwa kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito, kinaweza kumdhuru mtoto tumboni au kuharibu mimba. Hilo ni kweli na ni zito, mweleze nesi kliniki kwamba mna paka.

Lakini angalia kinavyosafiri. Hakikai kwenye manyoya, wala hakipatikani kwa kumpakata. Kinyesi kikitoka, kijidudu kinahitaji siku moja au zaidi ndipo kiweze kuambukiza. Na paka mwenyewe hukitoa kwa wiki chache tu baada ya kuambukizwa kwa mara ya kwanza, kwa kawaida kutokana na panya au nyama mbichi aliyokula. Kwa hiyo anayeondoa kinyesi cha Pusi kila siku, bila kukosa hata siku moja, awe wewe, si mkeo. Unaondoa, unafukia, unanawa kwa sabuni. Mkeo akilima bustani avae glovu, kwa sababu paka wa mtaa mzima wanajisaidia kwenye udongo ule, na mchicha uoshwe vizuri kwa maji mengi. Na mishikaki ya nyama iliyo nyekundu ndani aiache kabisa mpaka ajifungue. Wengi wanamfukuza paka halafu jioni wanakwenda kula nyama ambayo haijaiva, na hatari hiyo hiyo imo humo.

Kuhusu pumu: wapo watu wanaodhurika kweli, na kinachowadhuru kiko kwenye mate na ngozi ya paka, manyoya yanakibeba tu. Kama mkeo hajawahi kubanwa kifua wala kuwashwa macho akiwa na Pusi miaka yote hii, hakuna sababu ya kuogopa leo. Hata hivyo, kwa ajili ya mtoto anayekuja, anza sasa kumzuia paka asiingie chumba cha kulala. Usingoje mtoto azaliwe, maana paka aliyelala kitandani miaka mitatu akifukuzwa siku ya uzazi atakwangua mlango usiku kucha, na nyumba yenye mtoto mchanga haina uvumilivu wa kukwanguliwa mlango.

Sasa niseme lile uliloliweka mwisho kama dogo. Wanne juu ya wengine ambao hamjawagawa ni wangapi hapo ndani? Katika ule utafiti wa Marekani niliomwelezea mwenzako wa Isevya, sababu ya kwanza ya watu kuleta paka kituoni haikuwa mimba wala pumu, ilikuwa paka wamezidi nyumbani. Paka hubeba mimba wiki tisa tu, anaweza kuanza kuzaa kabla hajatimiza mwaka, na hushika nyingine wakati bado ananyonyesha. Pusi mmoja mama yako angemvumilia. Paka wanane wanaoruka kwenye ndoo ya maji ya kunywa hawezi kuwavumilia, na mimi simlaumu. Mfungeni kizazi hawa watakapoacha kunyonya. Daktari wa mifugo anaweza, ulizia mapema bei na siku. Vitoto visitoke kwa mama yao kabla ya wiki nane, na uvipeleke kwa wenye maghala ya mahindi na mpunga, watakushukuru. Panya wa mwaka huu mnawajua.

Mwambie mama yako kwamba kinyesi umeshika wewe. Nadhani hilo litamtuliza kuliko maelezo yangu yote. Akina mama wa Kinyamwezi tunaamini kazi inayoonekana.

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa Ujiji, nauza vocha. Mjomba wangu alihamia Dar es Salaam akaniachia mbwa wake, jike, anaitwa Malkia. Leo siku ya nne hali. Anakunywa maji kidogo, analala akitazama geti, usiku analia mpaka majirani wanalalamika. Jana amekojoa kwenye mguu wa kiti ndani. Rafiki zangu wanasema ana ugonjwa nimtoe, wengine wanasema nimpige atazoea. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba kijana wangu, na asante kwa kumpokea. Usimpige na usimtoe.

Mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo apimwe, kwa sababu siku nne bila chakula ni nyingi. Wakati huo huo mpigie mjomba umuulize mambo ambayo hakukwambia. Alikuwa anamlisha nini hasa, kwenye chombo gani, na nani alikuwa anamwekea? Je, alichanjwa lini? Mbwa aliyezoea ugali na mchuzi wa migebuka hawezi kukimbilia wali mkavu kwenye sahani ya plastiki akiwa na huzuni. Muulize pia alikuwa analala ndani au nje, maana mbwa wa kulala ndani akifungwa uani analia kwa sababu anaona amefukuzwa. Na umwombe akutumie shati lake ambalo halijafuliwa. Litie kwenye mahali pake pa kulala. Nimeliona likifanya kazi mara nyingi.

Ukae naye chini, ule chakula chako karibu naye bila kumtazama usoni, umwekee chake pembeni. Chukua dagaa wachache wa moto, uwapondeponde juu ya ugali, harufu ipande. Asipokula baada ya nusu saa ondoa, umwekee tena jioni. Mkojo wa ndani upanguse kwa maji na siki ili harufu iishe, halafu mtoe nje kila asubuhi, kila anapoamka na kila baada ya kula, na akikojoa nje msifu. Kwa wiki mbili za mwanzo usimwachie mlango wazi hata dakika moja, kwa sababu atakwenda kumtafuta mjomba, na ataanzia stesheni. Majirani wapitie mmoja mmoja jioni uwaombe siku kumi za uvumilivu, wakijua ni mbwa aliyefiwa na nyumba wengi watakuelewa.

Kama anatapika, anatoa mapovu, anayumba au sauti yake imebadilika, hapo usimshike, mfungie mahali pa peke yake umwite daktari siku hiyo hiyo. Mtu yeyote akikwaruzwa au kuumwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali bila kusubiri.

Mjomba akishatuma lile shati, niandikie kama amekula.